Futi Hupima Kiasi, Haipimi Sababu: Bi Harusi, Unene na Daktari Tangu Karagwe ya 1861



Sisi ni mafundi wa nguo za harusi hapa Ijuganyondo, Bukoba. Nyinyi visiwani mna bahari, sisi tuna Ziwa Victoria. Nyinyi mna singo na liwa, sisi tuna ndizi na senene. Lakini likija suala la nguo ya nikaha sote ni wamoja. Siku hizi bi harusi akija kupimwa, neno lake la kwanza si rangi wala shela. Anasema, "Dada, nishonee ndogo kuliko hivyo, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimepungua." Tunamuuliza kilo ngapi. Kumi, au kumi na tano. Kwa muda gani? Wiki sita.

Kuna mmoja hatutamsahau. Alikuja kupimwa mara tatu, na kila mara kiuno kilikuwa kimepungua. Sisi tukamsifu, mashaAllah, umependeza. Mara ya nne tulimsimamisha juu ya kigoda ili tumpige pini za pindo, akazimia. Tulimlaza chini, tukamlegeza nguo, mama yake akatoka mbio kutafuta bajaji. Hospitalini ikaonekana damu yake iko chini sana. Alikuwa anakula mlo mmoja mdogo kwa siku na kunywa unga wa kukoroga aliouziwa na mtu, hajui ndani yake kuna nini. Alhamdulillah alipona, harusi ikasogezwa mbele. Lakini sisi tulirudi nyumbani na aibu. Tuliona kila sentimita ikiondoka mwilini mwake, na hata mara moja hatukumuuliza inaondokaje.

Baada ya hapo tulianza kusoma na kuuliza wakubwa zetu: hii habari ya kubadilisha mwili wa bi harusi ilianza lini? Tulidhani imeletwa na simu. Kumbe hapa hapa mkoani kwetu ina zaidi ya miaka 160, ila zamani ilikwenda upande wa pili.

Maziwa na fimbo Karagwe

Ukitoka Bukoba ukapita Kyaka ukielekea magharibi unafika Karagwe. Katikati ya karne ya 19 huko alitawala mfalme Rumanika. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani kupitia Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Mwezi wa Novemba 1861 akafika Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Mto Nile. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1863.

Pale kwa mfalme, uzuri wa mke ulikuwa ni unene. Hawakuwa wanawake wote wa nchi. Mwanamke wa kawaida alikuwa shambani na jembe lake. Hawa walikuwa wake wa ukoo wa kifalme, wenye ng'ombe wengi, na walinyweshwa maziwa tangu wakiwa wasichana wadogo. Speke alikutana na shemeji mmoja wa mfalme ambaye hakuweza kusimama mwenyewe. Akaomba kumpima. Sisi kama mafundi tulisoma vipimo hivyo kwa jicho la kazi: mkono mzunguko wake sentimita 58, kifua 132, paja 79, ndama wa mguu 51, na urefu kama sentimita 173. Kwa wasioshona, mkono wa sentimita 58 ni karibu sawa na kiuno cha msichana mwembamba.

Kupata urefu wake ilikuwa shida, maana ilibidi asimame. Walipofanikiwa kumsimamisha alizimia, akaanguka chini tena.

Hapo tuliposoma tulinyamaza. Yule alizimia kwa kunenepeshwa, wetu alizimia kwa kujipunguza. Miaka zaidi ya 150 iko kati yao, na wote wawili walikuwa wakipimwa.

Pembeni alikuwa amekaa binti wa mama huyo, wa miaka 16. Alikuwa ananyonya maziwa kwenye chungu, na baba yake amekaa na fimbo mkononi kuhakikisha haachi kunywa. Dada zetu, tazameni vizuri picha hiyo. Binti hakuulizwa kama ameshiba, wala kama tumbo linamuuma au moyo unamwenda mbio. Mama yake hakuandikwa hata jina. Kilichobaki kwetu ni vipimo vyake tu, tena vilivyochukuliwa na mwanamume mgeni aliyetaka kwenda kuwasimulia watu wa kwao.

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi wa eneo hili, na maziwa ya namna ile yakapungua. Lakini desturi ya namna hiyo haikuwa ya Karagwe peke yake. Huko Mauritania, nchi ya Kiislamu, wako wasichana walionyweshwa maziwa kwa nguvu hadi siku zetu hizi, na wako wanaharakati wanawake wanaopigana kuiondoa.

Msituelewe vibaya. Kumnawirisha bi harusi si dhambi. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud na Ibn Majah kwamba mama yake bibi yetu Aisha (R.A.) alitaka binti yake anawiri kabla ya kwenda nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Akajaribu hiki na kile bila mafanikio, mpaka alipompa matango pamoja na tende mbichi, ndipo mwili ukakubali. Angalieni tofauti: ni chakula cha kawaida kinachopendwa, mama anatazama mwili unapokea nini, na fimbo haipo.

Mwaka huo huo, London

Mwaka 1863, kitabu cha Speke kilipotoka London, katika mji huo huo kilitoka pia kijitabu kidogo cha mzee aitwaye William Banting. Kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi. Alikuwa na miaka 66, mfupi, kilo karibu 92. Anasimulia kwamba hakuweza kuinama kufunga viatu, na ngazi za nyumba alizishuka kinyumenyume ili kuyapunguzia mzigo magoti na vifundo vya miguu.

Kwa miaka mingi alijaribu mwenyewe na alijaribu madaktari. Aliambiwa apige makasia; akapiga, njaa ikazidi, akala zaidi. Alijaribu bafu za mvuke. Hakuna kilichomsaidia. Mwaka 1862 masikio yalianza kumsumbua, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey. Daktari huyo hakuangalia sikio peke yake. Alimuuliza anakula nini tangu asubuhi mpaka usiku, akamwambia aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Katika mwaka mmoja hivi Banting alipungua kilo karibu 21, na kiuno kilipungua zaidi ya sentimita 30. Daktari alimwachia mvinyo, na huo si wetu. Tena chakula chake hatukiweki hapa mkifuate, kwani alipangiwa yeye.

Tunachotaka mkione ni hiki. Karagwe binti alilazimishwa maziwa, London mzee aliambiwa ayaache, karibu wakati ule ule. Maziwa hayana kosa. Aliyesaidika ni yule aliyekaa mbele ya mtu mwenye elimu akaulizwa maswali. Na wa kwanza walipomshindwa, hakukata tamaa. Alienda kwa mwingine.

Juliana

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Vita na Idi Amin vilikuwa vimeisha mwaka 1979, bidhaa zikivuka mpaka wa Uganda kwa magendo. Kulikuwa na nguo za kike zilizopendwa zikiitwa Juliana. Wafanyabiashara na wasichana waliozivaa walipoanza kuumwa na kukonda, watu wakauita ugonjwa kwa jina la nguo: Juliana. Wenzetu wa Uganda waliuita silimu, yaani kukonda.

Sisi tulizaliwa katika kivuli cha miaka hiyo. Mafundi waliotufundisha walitusimulia jinsi mteja alivyoleta gauni lake lipunguzwe, na kila mtu dukani akanyamaza. Mwezi ujao analileta tena. Fundi aliona kwa futi, na mtaa mzima uliona kwa macho, lakini hakuna aliyejua sababu, na kila mmoja alisema lake: wengine uchawi, wengine laana ya kitambaa. Mtu aliyekonda kwa kifua kikuu au kwa kisukari naye aliwekwa fungu hilo hilo. Kwa muda mrefu mwanamke wa huku aliogopa kupungua hata kama unene unamuumiza, kwa sababu kupungua kulikuwa na jina.

Kilichoondoa giza ni kipimo cha damu, na baadaye dawa, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Leo mwenye virusi anayekunywa dawa zake hutumjui kwa kumtazama. Ananenepa, anashona, anaozesha binti yake. Jicho na futi vilisema amepungua. Sababu ilisemwa na daktari.

Leo mizani imegeuka

Leo katika mkoa huo huo msichana anatamani kupungua. Na si tamaa tu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi. Uzito huo unaleta presha, kisukari cha ukubwani, magoti na shida za hedhi na uzazi. Kwa hiyo sisi hatumwambii mtu abaki alivyo. Tunamwambia aanzie mahali sahihi.

Mnaosema "ni dawa za majani tu" au "mbona wengine wametumia", hebu tusikilizane kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa walishika kemikali iitwayo dinitrofenoli, wakaonekana wanakonda. Mwaka 1933 madaktari wa Stanford, Marekani, waliitangaza kuwa inaunguza mafuta ya mwili, ikauzwa kila kona. Watu walipungua kweli. Pia wengine walipanda joto mpaka wakafa, na wengine wakapata mtoto wa jicho wakiwa bado vijana. Baada ya sheria mpya ya mwaka 1938 ikapigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu, lakini mpaka leo inauzwa kwa siri mitandaoni na bado inaua. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani kwa hatari ya moyo na kiharusi, na wakaguzi wa dawa wamekuwa wakiikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai zinazouzwa kama majani matupu.

Mtasema: baadhi ya hizo si walizitoa madaktari wenyewe? Ndiyo, na hatufichi. Ndiyo maana hatusemi "meza unachopewa". Tunasema ulizeni. Waliogundua madhara na kuziondoa walikuwa pia watu wa tiba, kwa sababu kwao mgonjwa ana faili, anarudi, anapimwa tena. Aliyekuuzia unga kwa simu hana faili lako. Ukizimia, namba haipatikani.

Dini yetu imetangulia katika hili. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba sahaba mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari aliwalaumu vikali kwa kutoa jibu wasilolijua, akafundisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Hawakuwa na nia mbaya wale. Walikuwa marafiki zake. Kama sisi tulivyokuwa marafiki wa bi harusi wetu tulipomsifu, mashaAllah.

Anayehitaji daktari, na la kumuuliza

Si kila kitu kinataka foleni ya hospitali. Kuacha soda, kupunguza sukari kwenye chai, maandazi mawili badala ya matano, kutembea kwa miguu badala ya bodaboda: anza leo bismillah. Lakini ukitaka kupungua kilo nyingi, au kwa haraka, au kwa kidonge, sindano, unga, chai au kukaa na njaa siku nzima, pita kwanza kwa daktari. Hasa wewe mwenye presha, kisukari, moyo, figo, vidonda vya tumbo au upungufu wa damu, unayenyonyesha, au unayetumia dawa yoyote kila siku. Mwenye mimba asijipunguze, afuate maelekezo ya kliniki yake. Mwenye dawa za kisukari akikata chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Anayepungua kwa kasi sana anaweza kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Na yule anayepungua bila kujaribu, huyo asisubiri kabisa. Historia ya mkoa wetu inatosha.

Ukifika, usione haya. Sema hivi: "Naolewa mwezi fulani, nataka kupungua, nipime kwanza." Kisha uliza:

- Presha yangu, sukari yangu na damu yangu vikoje?
- Unene huu una sababu nyingine, kama tezi ya shingo, mayai ya uzazi, au dawa ninazokunywa?
- Kwa mwili wangu nipungue kilo ngapi, na kwa muda gani? Kwa wengi wanaoshauriwa kupungua ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.
- Nikitaka mtoto mapema baada ya ndoa, hii njia ni salama?

Swali la mwisho mabibi harusi wengi hulisahau. Sindano za semaglutidi, ambazo zilianza kama dawa ya kisukari na mwaka 2021 zikaidhinishwa Marekani kwa kupunguza uzito, zinatakiwa kuachwa angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba. Sasa mtu anajichoma mpaka wiki ya harusi, na nia yake ni kupata mtoto mwaka huo huo. Bila daktari nani atamwambia?

Tunajua mnaogopa. Mwingine anaogopa kuchekwa kwenye mizani, mwingine hana nauli, mwingine anaogopa majibu. Mkimpata mhudumu asiyesikiliza, nendeni kwa mwingine kama alivyofanya mzee Banting. Na tuwaambie ukweli wa biashara: pesa ya makopo mawili ya unga ule wa kukoroga inaweza kulipia vipimo na chenji ikarudi.

Sisi tumebadilisha kazi yetu. Bi harusi akisema nishonee ndogo, tunamshonea saizi aliyo nayo leo, tunaacha kitambaa cha kutosha kwenye mshono, na tunamuuliza, "Daktari amesemaje?" Wengine hununa. Wengine hurudi wiki ijayo na karatasi ya vipimo mkononi. Mmoja aligundulika ana sukari. Alipungua kilo 4 tu mpaka siku ya nikaha, kwa chakula alichopangiwa na dawa alizopewa, na gauni tulilibana kidogo sana ubavuni. Alisimama kwenye kigoda saa nzima tukimpiga pini, anaongea na kucheka.

Yule binti wa Karagwe hakuwa na wa kumuuliza. Aliyekuwa karibu naye alishika fimbo, na mgeni alishika futi. Wewe unaye wa kumuuliza. Nenda mapema, siyo wiki ya mwisho.

Allah awape mabibi harusi wetu afya, na nyumba zenye mapenzi na rehema. Wassalaam alaykum.